Kabla ya bandari na barabara kubwa, tuanze na mto Mulongwe

Uvira, kiangazi 2024 – Kwa sasa mto Mulongwe ni mdogo. Mtoto anauvuka bila kulowesha kaptura. Wamama wanafua nguo juu ya mawe, vijana wanachota mchanga na kuwauzia wenye kujenga, na kandokando ya mto nyumba mpya zinasimamishwa palepale za zamani zilipoanguka. Ndugu wasomaji na wasikilizaji, huu ndio wakati wa kuzungumza juu ya mipango ya mji wetu. Mvua ya Septemba ikisharudi hatutazungumza tena, tutakuwa tunakimbia.

Katika mikutano ya maendeleo wakaaji huulizwa swali moja: mnataka nini? Majibu yanaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani: barabara, bandari, umeme, soko, maji, kazi kwa vijana, shule, hospitali. Kila mtu anapiga makofi. Jioni karatasi zinakunjwa, na mwaka unaofuata tunaulizwa swali lilelile. Mimi ninaona ubaya wa karatasi hizo ni kwamba hazina mpangilio. Orodha ya mahitaji kumi bila kusema lipi litangulia si mpango. Ni dua. Kwa hiyo leo ninatoa mpangilio wangu. Asiyekubaliana nao alete wake, tuupime.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Uvira ni kipande chembamba cha ardhi kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Nyuma yetu kuna milima, mbele yetu kuna maji, na katikati mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka kwa kasi. Ardhi hiyo haiongezeki, lakini watu wanaongezeka. Wako waliozaliwa hapa. Wako waliokimbia mapigano katika nyanda za juu za Bijombo, Minembwe na Itombwe. Wako waliotoka vijiji vya Fizi na vya bonde la Ruzizi. Wako ndugu zetu Warundi waliovuka mpaka tangu 2015. Na mwaka huu ziwa nalo limedai sehemu yake: maji yamepanda, yameingia ndani ya nyumba, ndani ya maduka na juu ya barabara ya kwenda mpakani. Watu waliokuwa na nyumba zao wamegeuka wahami ndani ya mji wao wenyewe.

Basi, lipi litangulie?

Ninaweka mito kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ulitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, barabara kuu ikakatika, mitambo ya maji ya REGIDESO ikaharibika. Kwa usiku mmoja tu mji ulipoteza vitu ambavyo watu walivijenga kwa miaka thelathini. Soko likijengwa kesho kandokando ya mto ambao haujatengenezwa, tumejenga soko la kupeleka ziwani.

Watu wengi wanasema mafuriko yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini milima iliyo juu yetu tumeivua nguo sisi wenyewe. Miti imekatwa kwa ajili ya makala na mbao, mihogo inalimwa kwenye miteremko mikali bila matuta ya kuzuia udongo, na mvua ikinyesha udongo wote unashuka na mawe yake. Ukifika chini unajaza mto. Kitanda cha mto kinapanda, kingo zinabaki fupi, na maji yanatafuta njia nyingine. Njia hiyo ni avenyu zetu. Ongezeni takataka tunazotupa mtoni kila jioni kana kwamba mto ni gari la taka. Ongezeni pia nyumba zilizojengwa mahali ambapo maji yalikuwa yanapita.

Kazi inayotakiwa inajulikana na si ya ajabu. Kitanda cha mto kichimbwe wakati wa kiangazi kwa mashine, maana salongo ya majembe na mabeleshi haiwezi kuondoa mawe makubwa kama pikipiki. Kingo zikazwe kwa gabioni, yaani zile nyavu za waya zinazojazwa mawe. Mawe tunayo bure, mto umetuletea. Mikono pia tunayo: vijana wa mji na wahami wanaokaa siku nzima wakingoja kuitwa kwenye orodha ya msaada. Walipwe kwa kazi hiyo, hela zizunguke hapa. Na kule juu mlimani tupande miti yenye mwenyewe. Mti uliopandwa na mradi ukaachwa bila mwenyewe unakatwa kabla haujafika kiunoni. Mti wa parachichi ambao mama mmoja anajua ni wake na kesho atauza matunda, huo analindwa kama mtoto. Bambu nazo zishike udongo kandokando ya vijito.

Hapa linakuja jambo gumu: nyumba za kando ya mto. Kila baada ya mafuriko inatoka amri ya kuondoka, halafu kunakuwa na makelele, halafu kimya. Wako wanaosema nyumba zote zibomolewe mara moja. Mimi siko pamoja nao. Baba anayelala na watoto sita kwenye ukingo wa Mulongwe anajua hatari kuliko mimi na wewe. Alijenga pale kwa sababu ndipo hela zake zilipofika. Mkimbomolea leo bila kumwonyesha kiwanja kingine, kesho atajenga kwenye ukingo wa Kalimabenge.

Tena mtu huyo mara nyingi ana karatasi mkononi. Nani alimpa? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Basi kama udongo ni wa Serikali, ni nani aliyekata viwanja ndani ya mto, akapokea hela na kupiga muhuri? Siku tutakayosikia kwamba aliyeuza ameulizwa kabla ya aliyenunua, hapo tutaamini kwamba amri ni ya kweli. Ninachoomba ni hiki: kiwanja kwanza, kuhama pili, kubomoa mwisho. Na kiwanja hicho kiwe na maji, njia na shule karibu. Mkimpeleka muuza samaki mahali ambapo nauli ya pikipiki inamaliza faida yake yote, atarudi mtoni kabla ya mwezi kuisha.

Nafasi ya pili ninaipa maji ya bomba. Kipindupindu kimekuwa jirani yetu tangu miaka ya 1970. Tumekizoea, na hilo ndilo baya zaidi. Watafiti walichukua hesabu za hapa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014: siku ambazo mitambo ilitoa maji mengi, siku ilizotoa kidogo, siku isiyotoa kabisa, na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa wanazidi mara mbili na zaidi katika siku kumi na mbili zinazofuata. Wakahesabu kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alifika kituoni kwa sababu maji ya bomba hayakutosha. Mama yeyote wa hapa angewaambia hivyohivyo: bomba likikauka, tunachukua bidoni tunashuka ziwani.

Sasa mwangalie jinsi mambo haya yanavyoshikana. Maji ya bomba ya Uvira yanatoka wapi? Yanatoka Mulongwe. Mto uleule unaotuua ndio unaotunywesha. Ukijaa matope, mitambo inashindwa kuyasafisha. Ukifurika, unabomoa mitambo. Kwa hiyo anayetengeneza mto anatengeneza pia afya ya mji. Lakini mto peke yake hautoshi. Mitambo inahitaji umeme, na umeme ukikatika maji hayapandi. Kama umeme hautoshi kwa wote, na tunajua hautoshi, basi laini ya mitambo ya maji itangulie kabla ya baa, kabla ya hoteli, kabla ya ofisi yoyote. Uamuzi huo hauhitaji mfadhili. Unahitaji wakubwa wawili wa mashirika mawili wakae kwenye meza moja na mstahiki meya awe katikati yao.

La tatu ni ardhi kwa waliokimbia. Najua hapa wengine watakunja uso. Wanasema: wahami ni watu wa kupita, vita ikiisha watarudi kwao, kwa nini tuwaweke ndani ya mpango wa mji? Ninawaelewa. Mwenye nyumba ndogo aliyepokea familia mbili tangu miaka mitatu amechoka, na uchovu wake si ubaya wa moyo. Lakini tuseme ukweli. Kambi ya Lusenda kule Fizi ilifunguliwa 2015 kwa ajili ya Warundi, na bado ipo. Wako wahanga wa mafuriko ya 2020 ambao mpaka leo hawajapata pa kuita kwao. Mtoto aliyefika mgongoni mwa mama yake sasa anasoma shule ya msingi. Kumwita mtu wa kupita hakumfanyi apite. Kunamfanya tu akae bila choo, bila shule na bila kuhesabiwa.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walikuwa na akili, maana walijua mgeni anayelima si mzigo. Lakini jembe bila shamba ni nini? Ni chuma tu. Bonde la Ruzizi, kutoka Kiliba, Sange na Luberizi hadi Luvungi, linazaa mpunga, mahindi na muhogo. Familia nyingi zilizokimbia ni za wakulima. Wanajua kazi hiyo kuliko sisi wa mjini. Kinachowakwamisha ni namna ya kukodi. Mwenye shamba anakupa pori, unalisafisha, unalipa sehemu ya mavuno, na msimu wa pili, shamba likishakuwa zuri, anakuambia mtoto wake amelihitaji. Huna karatasi, huna shahidi. Unaanza tena kwingine.

Kwa hiyo ombi si kugawa ardhi ya wenyeji. Ombi ni mkataba wa maandishi wa misimu kadhaa, unaosainiwa mbele ya shefu wa kijiji na mashahidi wa pande mbili, ukitaja eneo, malipo na tarehe ya kurudisha. Mwenye shamba atakuwa na uhakika kwamba shamba ni lake, na mkulima atakuwa na uhakika kwamba atavuna. Na njia za ng'ombe zionyeshwe wazi kabla ya kupanda, maana tunajua sote damu imemwagika mara ngapi katika bonde hili kwa sababu ya ng'ombe walioingia katika shamba. Kumpa mhami shamba kwa misimu mitatu si kumzuia kurudi kwao. Anayerudi na mbegu na hela kidogo anarudi vizuri kuliko anayerudi mikono mitupu.

La nne ndipo ninaweka barabara na bandari. Sizidharau. Barabara ya taifa namba 5 ndiyo inayotuunganisha na Bukavu kwa upande mmoja, na Baraka, Fizi na Kalemie kwa upande mwingine. Anayekwenda Bukavu anachagua: apande Ngomo na kumwomba Mungu katika kona zile, au apitie Rwanda na kulipia mipaka. Gari la mpunga likikwama, mkulima wa Luvungi anauza kwa bei ya hasara, na mama wa Bukavu ananunua kwa bei ya machozi. Wote wawili wanapoteza. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, ambacho tangu vita vya 1996 hakijarudia nguvu zake, hakitasimama sawasawa bila barabara na umeme. Na bandari ya Kalundu inatufungulia Kalemie, Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Vijana wanaotafuta kazi wana haki ya kuvidai vitu hivyo.

Lakini kwa nini viwe vya nne? Kwa sababu vyote vinapita juu ya mito au vinakaa kando ya ziwa. Barabara ya lami inayokatwa na Mulongwe kila mwaka ni hela zilizotupwa majini. Bandari iliyokarabatiwa kwa kipimo cha ziwa la zamani itazama katika ziwa la leo. Na ziwa hili si letu peke yetu: tunalo sisi, Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizi nne zilitia saini mapatano ya kulitunza pamoja, na ofisi yake iko Bujumbura, tunaweza kuiona milima yake tukisimama hapa ufukweni. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, nao uko Kalemie, ndani ya nchi yetu. Wabunge wetu wanapoenda Kinshasa, waulize: mlango huo uko katika hali gani? Nani anauangalia? Hilo nalo ni suala la Uvira, hata kama Lukuga uko mbali.

Sasa mtaniuliza: hela zitatoka wapi, na nani atasimamia? Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema mikoa ina haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa, na kwamba sehemu hiyo inakatwa palepale inapokusanywa. Sheria inaendelea kusema kwamba katika sehemu hiyo ya mkoa, miji, komine, sekta na sheferi zina asilimia 40 yao. Hayo ni maandishi. Katika maisha, hela zinapanda Kinshasa kwanza, na zinazoshuka ni kidogo na zinachelewa. Ule mpango wa maendeleo wa teritware 145 ulioanza 2022 unajenga shule, vituo vya afya na ofisi, lakini ulitengenezwa kwa ajili ya teritware, na mji kama wetu unabaki ukitazama.

Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Desemba 2023 wananchi walichagua washauri wa komine, lakini katika miji mikuu ya mikoa tu. Bukavu walipiga kura hiyo, sisi Uvira hatukupiga. Meya wetu na wakuu wa komine wanateuliwa. Simlaumu mtu kwa kuteuliwa. Ninasema tu kwamba kwa sasa hatuna baraza la watu tuliowachagua ambalo linaweza kumwambia meya: tuonyeshe hesabu. Basi mpaka siku ya kura ifike, tutafute njia ya kuziba pengo hilo.

Njia ninayopendekeza ni nyepesi. Kila miezi mitatu, uongozi wa mji usome redioni, kwa Kiswahili, kiasi gani kimeingia na kimefanya nini. Karatasi hiyohiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kartie. Na katika kamati ya mipango ya mji wakae watu ambao maji yanawafikia kwanza: mwakilishi wa wahami, mwakilishi wa wamama wa soko, wavuvi, walemavu, wakulima wa mlimani. Wasikae pale kwa kupigwa picha. Wawe na haki ya kukataa kiwanja kukatwa mahali pa hatari.

Na sisi wakaaji? Tusijifanye watakatifu. Anayetupa taka mtoni usiku hana haki ya kulia asubuhi. Anayenunua kiwanja kwa bei ya chini katika njia ya maji anajua kwa nini bei iko chini. Anayekataa kulipa kodi ya soko kwa sababu hajui inaenda wapi ana sababu, lakini siku hesabu itakaposomwa redioni, sababu hiyo itakuwa imekwisha. Na wenyeji tunaopokea wahami tusiseme wao ndio walioleta kipindupindu. Kipindupindu kinaletwa na bomba kavu.

Mvua haitangoji bajeti ya mwaka ujao. Kabla ya katikati ya Septemba kuna mambo matatu yanayowezekana hata kwa mfuko mwembamba wa mji: kuchimba kitanda cha Mulongwe mahali palipojaa zaidi, kusimamisha kukata viwanja vyote kando ya mito mitatu, na kutia saini mapatano ya umeme kwa ajili ya mitambo ya maji. Hayo yakifanyika, mikutano ya barabara na bandari tutaihudhuria kwa moyo mweupe. Yasipofanyika, mkuu yeyote akija kutuuliza tena tunataka nini, tumwombe kwanza atuonyeshe karatasi za mwaka jana.

Wewe unayesoma au kusikiliza, uwe mwenyeji wa Kalundu au umelala chini ya hema tangu Aprili, andika mpangilio wako: lipi la kwanza, lipi la pili, na kwa nini. Mpelekee shefu wa kartie yako, mwombe apige muhuri kwamba amepokea, na ubaki na nakala.